Saa za dereva na ratiba ya sherehe: Mteja naye ana wajibu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KILA mwishoni mwa wiki, barabara inayotoka katikati ya jiji la Mwanza kuelekea Uwanja wa Ndege, kupitia Kirumba na Pasiansi, hupitiwa na magari yaliyosheheni viti, meza, maturubai, spika, jenereta na masufuria makubwa ya mapishi. Hayo ni maandalizi ya harusi, sherehe za kuwaaga mabinti, mahafali, mikutano ya injili na hata misiba.

Wageni waalikwa huona ukumbi uliopambwa ukapambika. Ni wachache wanaojiuliza gari lililoleta mapambo hayo limeendeshwa na nani, dereva huyo alianza kazi saa ngapi, na atakaporudi usiku wa manane kuvichukua vyombo atakuwa amepumzika kwa muda gani.

Swali hilo si la huruma peke yake. Ni swali la sheria, la fedha na la usalama wa barabarani. Aidha, ni swali linalomgusa mteja moja kwa moja, ingawa wateja wengi wameshazoea kuliona kuwa ni jambo la mwenye gari na dereva wake.

Kwa muda mrefu makubaliano kati ya kamati za sherehe na wakodishaji wa vyombo yamekuwa yakifanywa kwa mdomo, kwa kutaja mambo mawili tu: bei na siku. Saa ya kupokea mzigo hutajwa kwa makadirio, na saa ya kuuondoa huachwa mpaka mshehereshaji atakapoweka chini kipaza sauti. Hapo ndipo matatizo huanzia.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, haikumtenga dereva wa gari la mizigo na wafanyakazi wengine. Kifungu chake cha 19 kinaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi tisa kwa siku, 45 kwa wiki, na siku sita za kazi katika wiki.

Kifungu hicho kinakwenda mbali zaidi. Kinamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi afanye kazi kwa zaidi ya saa 12 katika siku moja. Neno "kumruhusu" lina uzito wa pekee, kwani linafunga mlango wa utetezi unaosikika mara nyingi, kwamba dereva mwenyewe alikubali kwa kuwa alihitaji fedha.

Saa za ziada nazo zina mpaka. Hufanywa kwa makubaliano, haziwezi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na malipo yake hayapaswi kupungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Anayefanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Baada ya kumaliza kazi ya siku, anastahili saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kuanza tena, na kila wiki apate saa 24 mfululizo za mapumziko. Akikubali kufanya kazi katika mapumziko hayo ya wiki, hulipwa maradufu.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi wa sherehe hawalifahamu. Katika sheria hiyo, siku ya kazi ni kipindi cha saa 24 kinachohesabiwa tangu mfanyakazi anapoanza kazi kwa kawaida. Kwa maana hiyo, saa 6:00 usiku haianzishi hesabu mpya. Dereva aliyeanza kazi Jumamosi asubuhi bado yumo ndani ya siku ile ile anapopakia viti saa 8:00 usiku.

Hesabu ya Jumamosi moja

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi ratiba ya kawaida inavyogongana na sheria. Tuseme stoo ya vyombo iko Igoma na harusi inafanyika katika ukumbi ulioko Pasiansi.

Dereva anaripoti stoo saa 1:00 asubuhi. Anasimamia upakiaji hadi saa 3:00, anavuka jiji, anafika Pasiansi saa 4:00, na mzigo unakuwa umeshushwa saa 6:00 mchana. Mpaka hapo hakuna kosa lolote.

Kamati, hata hivyo, imekodi ukumbi kwa siku moja tu, na mwenye ukumbi anataka vyombo viondolewe usiku huo huo kwa sababu Jumapili kuna sherehe nyingine. Sherehe inakwisha saa 6:00 usiku. Upakiaji unakamilika saa 8:00, na gari linafika stoo saa 9:00 usiku.

Tangu dereva aripoti kazini hadi hapo zimepita saa 20. Hata zikiondolewa saa mbili za mapumziko, zinabaki 18, yaani sita zaidi ya kikomo cha sheria.

Mkwamo hauishii hapo. Kwa kuwa anastahili saa 12 za mapumziko, dereva huyo hawezi kurudi kazini kabla ya saa 9:00 alasiri ya Jumapili. Mteja wa Jumapili aliyeahidiwa viti saa 2:00 asubuhi atavipata kwa njia moja kati ya mbili: aletewe na dereva mwingine, au aletewe na dereva ambaye hajalala.

Njia hiyo ya pili ndiyo yenye hatari. Mwaka 1997, watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa uwezo sawa na mwenye kiwango cha kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa 11:00 alfajiri hufikisha saa 17 ifikapo saa 4:00 usiku, kabla hata bwana na bibi harusi hawajakata keki katika sherehe nyingi za mjini.

Kusubiri nako ni kazi

Wapo wanaodai kwamba dereva katika mfano huo hakufanya kazi saa 18, kwa kuwa tangu mchana hadi usiku alikuwa amekaa tu. Hoja hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi.

Sheria inatofautisha mapumziko ya kweli na muda ambao mfanyakazi anatakiwa kuwa tayari kwa kazi. Mwajiri halazimiki kulipia mapumziko, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi aendelee na kazi au awe tayari kuifanya. Dereva aliyeambiwa asiondoke ukumbini, alinde jenereta na asogeze gari kila mgeni anapotaka kupita, hajapumzika.

Hali ni tofauti iwapo ameachiliwa kabisa saa 7:00 mchana, amekwenda kwake kulala, na amerudi saa 4:00 usiku. Hapo kazi yake ya siku nzima itakuwa kama saa 11, zikiwa ndani ya kikomo. Sheria inaruhusu pia mapumziko ya siku kupunguzwa hadi saa nane, kwa makubaliano ya maandishi, endapo kazi ilikatizwa kwa angalau saa tatu.

Hata kwa nafuu hiyo, dereva aliyemaliza saa 9:00 usiku hapaswi kuanza tena kabla ya saa 5:00 asubuhi. Mzigo wa Jumapili saa 2:00 asubuhi bado hauwezi kuwa wake.

Kwa wakazi wa kanda ya ziwa, suala la kusubiri lina historia ndefu. Kwa miaka mingi, mzigo wa sherehe uliokwenda Sengerema au Geita ulikutana na foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na saa za dereva zikayeyuka kando ya maji.

Kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli Juni 19, 2025, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, kumeifanya safari hiyo kuwa ya dakika chache. Lakini mzigo unaokwenda Ukerewe bado unategemea kivuko, na mpangaji wa sherehe ya Nansio hana budi kuhesabu muda wa kusubiri kuwa sehemu ya siku ya dereva.

Je, sherehe ni dharura?

Sheria inatoa mwanya mmoja. Baadhi ya vikwazo vya saa havitumiki katika kazi ya dharura isiyoweza kufanywa na wafanyakazi katika saa zao za kawaida.

Harusi iliyopangwa kwa miezi mitatu, yenye vikao vya kila wiki, kadi za michango na mweka hazina, ni vigumu kuiita dharura. Kuchelewa kwa bwana harusi au ibada kurefuka navyo si dharura, kwani ni mambo yanayotokea kila siku na yanayoweza kuwekewa nafasi katika ratiba.

Msiba una uzito wake. Kifo hakitoi taarifa, na maturubai huhitajika usiku huo huo. Pamoja na hayo, hata katika msiba, dharura huwa ni ya kupeleka mzigo wa kwanza. Kuuondoa baada ya maziko ni kazi inayoweza kungoja mapambazuko.

Gharama iko wapi

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni fedha. Mwenye gari huona kwamba kuweka dereva wa pili ni kujiongezea mzigo, na kamati huona kwamba ni kisingizio cha kupandisha bei. Hesabu ndogo inaonyesha sura nyingine.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ujira wa dereva ni Sh3,000 kwa saa. Kazi ya kuondoa vyombo inaanza saa 4:00 usiku na kumalizika saa 9:00 usiku, yaani saa tano. Saa hizo zote ni za usiku, kwani kisheria usiku huanza saa 2:00 na kuishia saa 12:00 asubuhi, na kila saa ina nyongeza ya angalau asilimia tano.

Dereva wa pili anayefanya saa hizo katika zamu yake ya kawaida atalipwa Sh15,000 na nyongeza ya Sh750, jumla Sh15,750. Dereva yule yule wa asubuhi, akilipwa saa za ziada kwa mara moja na nusu, atastahili Sh22,500, na nyongeza ya usiku inayokokotolewa juu ya kiwango hicho ni Sh1,125. Jumla ni Sh23,625.

Kwa hiyo anayefuata sheria katika malipo atagundua kuwa kumchosha dereva mmoja ni ghali kuliko kuwa na wawili. Unafuu unaoonekana leo unatokana na kutolipwa kwa saa za ziada, si na uchache wa madereva. Isitoshe, hata malipo kamili hayahalalishi kuvuka saa 12.

Wenye magari nao wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Dereva wa pili anahitaji ajira ya mwezi mzima, ilhali kazi za sherehe hujazana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Gari moja haliwezi kulisha familia mbili katika miezi ya ukame wa sherehe.

Ndiyo maana wengi hukimbilia deiwaka, dereva wa kuitwa siku hiyo na kulipwa hapo hapo. Wapo wanaoamini kwamba kwa kufanya hivyo wamejitoa katika sheria ya ajira.

Imani hiyo haina msingi imara. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi iwapo, pamoja na mambo mengine, namna au saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, anategemea kiuchumi kazi hiyo, au anapewa vitendea kazi. Deiwaka anayepewa gari, ratiba na maelekezo ya mwenye mali anaingia humo kwa urahisi.

Madai ya aina hiyo si mapya nchini. Aprili 10, 2015, mabasi yaligoma katika miji mingi, abiria wakakwama vituoni. Mbali na kupinga kutakiwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, madereva walilalamikia kufanya kazi bila mikataba ya ajira. Asiye na mkataba hana pa kuandikia saa zake.

Safari ndefu, hesabu ngumu

Ugumu huongezeka pale vifaa vinapotoka mbali. Matamasha makubwa yanayofanyika Uwanja wa CCM Kirumba mara nyingine hutegemea jukwaa na mitambo kutoka Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 1,150 kwa barabara.

Lori likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, safari hiyo ni ya saa 19 za usukani, bila kuhesabu mizani na chakula. Kwa saa za kawaida tisa kwa siku, dereva mmoja ataingia Mwanza siku ya tatu. Mwandaaji anayepakia mzigo Alhamisi jioni akitaka jukwaa lisimame Ijumaa usiku, hata asipotamka, ameagiza uvunjaji wa sheria.

Kwa upande wa mabasi ya masafa marefu, udhibiti umepiga hatua. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za usafiri wa nchi kavu za SUMATRA, hufuatilia mabasi kwa mfumo wa kielektroniki unaoweza pia kumtambua dereva aliye kwenye usukani. Hatua hiyo ilipata umuhimu zaidi mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku na mchana kuanzia Oktoba 2023.

Canter na kirikuu za kubeba viti hazina macho ya namna hiyo. Kinachobaki ni ukaguzi wa maofisa kazi, askari wa usalama barabarani, na uamuzi wa mwenye gari na mteja wake.

Wenzetu wamefikia wapi

Nchi jirani ya Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Trafiki mwaka 2012 na kuweka kifungu cha 66A, kinachomkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kipindi cha saa 24. Kikomo hicho ni cha usukani, si cha kazi yote, na hivyo humpa askari wa barabarani kitu cha kupima.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 561 ya mwaka 2006, unataka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asizidishe saa tisa za usukani kwa siku. La muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba kanuni hiyo haiishii kwa mwenye lori. Inawataka pia wenye mizigo na waandaaji wa safari kuhakikisha kwamba ratiba walizokubaliana katika mikataba zinaheshimu saa hizo.

Australia nayo ina utaratibu unaogawa wajibu kwa kila aliye katika mnyororo wa usafirishaji, kuanzia anayepakia, anayepanga ratiba, hadi anayepokea. Msingi wake ni rahisi: mwenye uwezo wa kusababisha haraka, awe na wajibu juu ya matokeo ya haraka hiyo.

Sheria ya Tanzania haijafika hapo kwa maneno hayo. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyapi nguvu makubaliano ambayo lengo lake ni kinyume cha sheria. Mteja anayedai fidia kwa sababu dereva alikataa kuvuka saa zake atakuwa na kazi ngumu ya kuieleza mahakama alichokuwa akikidai.

Wajibu wa mteja

Kutokana na hayo, kamati ya sherehe ina mambo kadhaa ya kufanya kabla ya kulipa kianzio. La kwanza ni kukubaliana kwa maandishi saa ya kupokea mzigo na saa ya kuuondoa, badala ya kutaja siku pekee.

La pili ni ukumbi. Kodi inayomalizika usiku wa manane ndiyo inayozaa safari za usiku wa manane. Kuongeza saa chache za Jumapili asubuhi, au kupata chumba cha kufungia vyombo pamoja na mlinzi, mara nyingi hutosha kuondoa tatizo lote. Kupeleka mzigo Ijumaa alasiri kuna faida hiyo hiyo.

La tatu ni utayari. Gari linapofika saa 4:00 na kukuta geti limefungwa, mwenye ufunguo hapokei simu na hakuna vibarua wa kushusha, saa za dereva zinaanza kuliwa na mteja. Kamati inapaswa kuteua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupokea, kuhesabu na kutia saini, pamoja na kuhakikisha njia na maegesho yapo wazi.

La nne ni kukubali matokeo ya ucheleweshaji. Mkataba useme bayana kwamba muda wa kusubiri unaosababishwa na mteja utalipiwa, na kwamba saa za dereva zikiisha, vyombo vitaondolewa asubuhi na havitahesabiwa kuwa vimechelewa kurudishwa.

Mwenye gari naye hawezi kujificha nyuma ya mteja. Yeye ndiye mwajiri, na sheria imemwekea jukumu la kutunza kumbukumbu za wafanyakazi wake. Anapopokea kazi mbili za mfululizo akijua ana dereva mmoja, kosa ni lake hata kama mteja hakuuliza. Wamiliki wenye gari moja moja wanaweza kushirikiana dereva wa zamu ya usiku, kila mmoja akilipia saa alizotumia, mradi saa zake zote zijumlishwe pamoja.

Bajeti za sherehe mjini zimekuwa na fungu la mapambo, la picha, la muziki na la keki. Fungu la usafiri mara nyingi ndilo linalokatwa kwanza michango inapopungua, kwa kuwa halionekani kwenye picha. Kinachokatwa hapo ni usingizi wa dereva, utingo wake na vibarua wanaorudi juu ya mzigo, pamoja na usalama wa kila atakayekutana na gari hilo barabarani alfajiri. Kamati inayotaka kujua kama imejipanga haina haja ya kutafuta mwanasheria. Imuulize mkodishaji swali moja kabla ya kutoa fedha: atakayeleta vyombo na atakayevichukua ni dereva yule yule?